Mfagiaji wa Haram

Kila siku baada ya Alasiri, wanawake wa mtaa wa Shela, Malindi, walivua viatu mlangoni kwa Bi Ummulkheir na kuingia kumtazama mwanawe akifagia Makka.

Bi Hindu, jirani wa ukuta kwa ukuta, hakukosa hata siku ya mvua. Wengine walikuja kwa haja zao: mmoja ana mgonjwa, mwingine ana binti ambaye posa zake hazifiki mbali. Walikaa mkekani mbele ya televisheni ya kichogo, wakaiangalia chaneli inayoonyesha Kaaba mchana kutwa na usiku kucha, wakangoja. Wafagiaji wakitokea na sare zao, wamejipanga safu, wakisukuma maji juu ya marumaru, Bi Ummulkheir huinua kidole.

"Yule, wa mwisho wa safu. Yuwasukuma kwa mkono wa kushoto. Mwamuona?"

"Twamuona, Mama Uweis."

"Nilimpiga sana kwa mkono ule. Kumbe Mwenyezi Mungu ana kazi nao."

Kiooni Uweis alikuwa madoa. Picha ilikuja kwa ubora wa zamani, na mtu aliye mbali na kamera alikuwa kama punje ya mtama, na uso wake vidoa vichache vya rangi ya udongo. Pua haikuonekana, wala macho. Kilichoonekana ni mkono wa kushoto, na hata huo kwa kukisia. Lakini Bi Ummulkheir hakuona madoa. Aliona kifungua mimba wake, aliyeaga nyumbani na begi moja kwenda Saudia kwa mkono wa wakala wa Mombasa, akapiga simu kusema amepata kazi ya kufagia Haram, kisha asipige tena. Mamake hakulaumu. Mtumishi wa nyumba ya Mungu, alisema, hana wasaa wa kupigapiga simu.

Basi wanawake walimpa salamu zao papo hapo. "Uweis mwanangu, niombee goti langu." "Uweis, mtaje Swafia wetu, apate mume wa kheri." Goti likipoa, Uweis alishukuriwa. Lisipopoa, mwenye goti aliambiwa nia yake haikuwa safi.

Mahdi, mdogo wake Uweis, aliyasikia haya kila jioni akinywa chai ukumbini baada ya kufunga duka lake la vifaa vya ujenzi. Yeye ndiye aliyemnunulia mama dawa za presha, akambeba mgongoni siku aliyoteleza msalani, akaishi naye miaka yote. Mtaa mzima, hata hivyo, ulimwita mama yule Mama Uweis, na Mahdi aliitwa ndugu yake Uweis, yule wa Makka.

Hayo aliyameza. Alichoshindwa kumeza ni chumba cha juu.

Nyumba ilikuwa ya Bi Ummulkheir, urithi kutoka kwa babake. Chini palikuwa na chumba cha mama na vyumba viwili vya Mahdi, mkewe Lubna na watoto, vyenye kuta zilizotoka chumvi na kubambuka chokaa kila masika. Juu palikuwa na chumba kimoja kikubwa, chenye madirisha mawili ya upande wa bahari, kikavu, chenye upepo hata mwezi wa Februari. Hicho kilikuwa cha Uweis. Kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa pembeni mwa leso ya Bi Ummulkheir, umefungwa fundo. Kila Ijumaa Lubna alipewa ufunguo apande kubadilisha shuka na kutia asumini kitandani, kisha aurudishe.

"Mie nina mimba, napanda ngazi kumtandikia mtu asiyelala," Lubna alimwambia mumewe. "Wanangu wakohoa, na asumini yalala kwa raha zake. Muulize mamako, hiyo asumini imemzalia wajukuu wangapi?"

"Muulize wewe."

"Mie ni mke wa mtu, si mwana. Mwana ni wewe. Au mwana ni yule wa kwenye TV?"

Mahdi alivaa viatu, akatoka barazani. Kulikuwa na jambo alilolijua yeye, na mkewe halijui, na mtaa haulijui. Uweis hakuwahi kuvuka bahari. Alikuwa Mtwapa.

Mahdi alimkuta huko alipokwenda kuchukua mabati, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya baa, kitambaa begani, akingoja magari ya kuosha. Wakala alikuwa amewakusanya vijana, akatoweka na pasipoti zao. Uweis aliona haya kurudi. Ile simu aliyompigia mama kutoka "Makka" aliipiga nyuma ya baa hiyo hiyo, simu ya kuazima.

"Mama hajambo?" aliuliza Uweis.

"Yuwakuona kila siku. Kwenye televisheni, wafagia Haram."

Uweis alicheka hadi akashika tumbo, kisha akajifuta uso kwa kile kitambaa. "Usimwambie, Mahdi. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya. Niache niwe huko huko. N'tarudi nikiwa mtu."

Mahdi aliahidi. Hakuahidi kwa huruma. Barabarani akirudi aliipima hali kama apimavyo nondo dukani: Uweis wa Makka anakifunga chumba, lakini Uweis akirudi atalala ndani yake, na mama atamchinjia mbuzi. Kati ya hayo mawili, la kwanza lilikuwa na nafuu. Akanyamaza, akangoja lipatikane la tatu.

Lilipatikana mwezi wa Shaabani. Ukanda wa maandishi ya Kiarabu ulianza kupita chini ya picha ya Kaaba, alfajiri hadi usiku. Bi Ummulkheir alisoma Kiarabu vizuri, kama wasomavyo wengi waliopita chuo cha Qurani kwa maalim: kila herufi inatoka mahali pake, kila pa kuvuta panavutwa, na maana anaijua aliyeyateremsha. Aliuona ule ukanda, akatengeneza koo, akausoma kwa tajwidi tangu mwanzo hadi mwisho. Wanawake walinyamaza. Alipomaliza waliitikia Amin, na Bi Hindu akabusu vidole vyake.

"Pana nuru kwenye maneno haya," alisema Bi Hindu. "Mwili wanisisimka."

"Ya rabbi, tujaalie kheri yake," alisema mwingine.

Mahdi alikuwa amesoma Lamu, Kiarabu cha kuelewa. Maneno yale yalikuwa tangazo. Yalisema matangazo ya ubora wa kawaida yatazimwa mwishoni mwa mwezi, yabaki ya ubora wa juu peke yake, na mtazamaji abadilishe king'amuzi chake mapema. Angeweza kuwatafsiria. Aliweka kikombe chini, akawasikiliza wakilisoma tena siku ya pili, na ya tatu, hadi baadhi yao wakalihifadhi kwa moyo na kulisoma jikoni wakikuna nazi.

Kisha siku moja Kaaba haikutokea. Kioo kilikuwa cheusi, na pembeni yameandikwa maneno ya kusema hakuna mawimbi.

Bi Ummulkheir hakulia. Ilipofika Alasiri alikaa mahali pake mkekani, akaelekeza uso kwenye kile kioo cheusi, akasema, "Uweis, twakusalimu. Leo hatukuoni, lakini wewe watuona." Wanawake walimwitikia. Ikawa hivyo siku iliyofuata.

Hapo Mahdi alielewa hesabu yake ilikuwa na kosa. Giza halimtoi mtu Makka. Mama angemsalimu mwanawe gizani hadi siku ya kufa kwake, na ufunguo ungekaa fundoni. Akamwita fundi.

Fundi wa madishi mtaani alikuwa Kiponda, Mgiriama wa Ganda, mtu wa maneno mengi na mkono safi. Alipanda darini, akaligusa dishi, akashuka akipangusa vumbi.

"Dishi ni zima," alisema. "Bwana Mahdi, mino nakwambia ukweli, usije ukaingia hasara. King'amuzi kipya peke yake chatosha. Nitakiunga kwa hizi waya tatu za zamani kwenye TV hii hii, na mama atapata Makka yake kama alivyozoea."

"Kama alivyozoea vipi?"

"Picha ile ile. Ukungu ule ule. King'amuzi kitapokea picha safi, lakini TV ya kichogo haiwezi kuonyesha isichokiweza."

"Kwa hivyo hataona tofauti."

"Hata chembe."

Mahdi aliutazama mlango wa chumba cha mama. Kutoka ndani ilisikika tasbihi ikigongana. Njia ya huruma ilikuwa imewekwa mezani mbele yake, imefafanuliwa na fundi, na haikuwa ngumu.

"Na nikichukua televisheni mpya, bapa, kubwa?"

"Hebe! Hapo utahesabu masharubu ya watu, moja moja."

"Basi nataka hiyo. Kubwa kuliko zote ulizo nazo."

Kiponda alitikisa kichwa kwa furaha. "Mama huyu amezaa. Wengine huwanunulia wazazi wao redio."

Jioni ile Mahdi alipita kwa Bi Hindu mwenyewe, akabisha hodi kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Kesho Makka yarudi. Tena safari hii mutamuona Uweis sura kwa sura. Waambie na wenzio."

Bi Hindu akawaambia. Siku ya pili ukumbi haukutosha. Walikuja wa Shela, wakaja na wa mtaa wa Barani waliokuwa wakisikia tu habari zake. Mmoja alileta halua, mwingine chetezo cha udi. Bi Ummulkheir alivaa kanga mpya, akanyunyiza marashi kwenye kioo kipya, akakipangusa kwa kiganja kama apangusavyo mtu paji la mgonjwa. Kisha akageuka kumtafuta Mahdi mlangoni.

"Mungu akupe, mwanangu," alisema. "Umeniletea nduguyo karibu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwombea dua mbele za watu. Mahdi aliiitikia Amin. Kisha akamwashiria Kiponda awashe.

Walipiga vigelegele. Nyuzi za dhahabu za pazia la Kaaba zilisomeka herufi kwa herufi. Njiwa walionekana, na jasho kwenye shingo za waumini waliohirimia, na mtoto aliyelala begani kwa babake amefungua mdomo. "Subhanallah," alisema Bi Hindu, "kama unyooshe mkono uguse."

Wafagiaji walitokea. Safu ile ile, mwendo ule ule. Bi Ummulkheir aliinua kidole kabla ya mtu kumwuliza.

"Yule wa mwisho. Mkono wa kushoto."

Kamera, kama ifanyavyo mara kwa mara, iliwasogelea. Iliipita safu polepole, ikafika mwisho, ikatua.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, ndevu zake zimepakwa hina. Uso ulikuwa wa nchi nyingine kabisa. Alisukuma maji kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukuwa na vidole, na kigutu chake alikiegemeza juu ya mpini. Alitazama kamera, akatazama chini, akaendelea na kazi.

 Udi uliendelea kufuka.

"Labda," alisema Bi Hindu, "labda leo wamebadilishana zamu."

"Mkono wa kushoto ni ule ule," alisema mwanamke mmoja wa Shela. "Na mwendo ni ule ule. Ni huyu huyu siku zote."

"Ndiye tuliyekuwa twampa salamu?" aliuliza mwingine, yule mwenye goti. "Mie nimemtajia huyu mpaka siri za ndani ya nyumba yangu!"

Mmoja alicheka puani, akajiziba kwa buibui. Kicheko kilimpata wa pili, naye akamkanyaga mguu yule wa kwanza ili amnyamazishe, wakazidi. Halua ilikuwa bado haijakatwa. Mwenye halua aliivuta sinia yake taratibu hadi magotini mwake.

Bi Ummulkheir hakuwasikia. Aliikazia macho safu, akaanza na wa kwanza. Kila uso ulipopita aliutazama, akauacha, akahamia mwingine. Walipokwisha alingoja warudi, akaanza upya. Kisha alimgeukia Mahdi, kwa uso wa mtu aliyepewa kitu kibovu dukani na anajua muuzaji ni mwema, atakibadilisha.

"Mwanangu, hebu nirudishie ile ya zamani."

"Ile imezimwa, mama. Dunia nzima. Hairudi."

Wanawake waliondoka mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao kwa haraka isiyo na sababu. Bi Ummulkheir alitazama hadi adhana ya Magharibi. Kisha akasema, "Zima."

Mahdi alikuwa amengoja machozi, na baada ya machozi, ufunguo. Machozi hayakuja. Mama alikaa kitandani siku mbili. Siku iliyofuata alimwita.

"Uweis hakuwa mwongo," alisema. "Alikuwa mtundu, alikuwa mvivu wa kusali Alfajiri, lakini uongo hakuwa nao. Akisema yuko Haram, alikuwa Haram. Kama hayuko, basi kimempata cha kumpata. Mahdi, nitazame. Nduguyo yu hai?"

Hapa palikuwa na jibu la maneno mawili. Mahdi alilijua, na aliujua mtaa, na baa, na hata rangi ya ile ndoo. Akaliona pia lile litakalofuata: gari la kwanza la asubuhi kwenda Mtwapa, mama ndani yake, na jioni Uweis juu, kwenye asumini.

"Allahu aalam, mama," alisema.

Mungu ndiye ajuaye zaidi. Si uongo. Hakuna maneno ya kweli kuliko hayo. Bi Ummulkheir aliyapokea kama wayapokeavyo watu wa pwani yanaposemwa kwa sauti ya chini na macho yakiwa sakafuni. Akajifunika uso kwa leso.

"Inna lillahi," alisema. "Mwite Maalim Yasin. Nataka mwanangu asomewe hitma."

Maalim Yasin, aliyesomesha watoto wa mtaa kwenye baraza ya nyumba yake kwa kuwa hana chuo, alisitasita. Alimvuta Mahdi kando. "Habari ya mauti imetoka wapi? Wewe una lolote la nduguyo?"

"Tangu simu ile ya kwanza, Maalim, hajapiga tena nyumba hii."

Kila neno lilikuwa sahihi. Maalim alivuta ndevu zake. "Haya. Hitma ni dua. Dua haimdhuru mtu."

Ilisomwa Alhamisi baada ya Alasiri, saa ile ile ya wafagiaji. Wanaume walijaa barazani, wanawake ukumbini, televisheni mpya imefunikwa shuka. Wale waliocheka walikuja mapema kuliko wote, wakalia kuliko wote. Juzuu ziligawiwa, zikasomwa, zikakusanywa. Mahdi alipokea pole za watu mlangoni, mikono miwili, kichwa kimeinama, na alipofika Bi Hindu akamwambia, "Sasa mamako hana mwingine ila wewe," alihisi kitu kinachofanana sana na furaha. Pilau ikapakuliwa. Alikula. Lubna alimpitia na birika la maji, akamnong'oneza, "Asumini ya kesho sitii. Nitatandika shuka za wanangu."

Watu walipomaliza kunawa, Bi Ummulkheir aliomba pazia la ukumbini lifunguliwe, asikike na wanaume. Alisimama ameshika nguzo. Kwa mkono mwingine aliishika pembe ya leso, akalifungua lile fundo kwa meno.

"Jamaa zangu," alisema, "nimetunza chumba kwa aliye hai, na sasa ni maiti. Maiti hahitaji kitanda, ahitaji thawabu. Nyumba ni yangu, nilirithi kwa babangu, na akili zangu ninazo. Chumba cha juu nakitoa wakfu. Watoto wasomeshwe Qurani humo hadi kiyama, na kila herufi imfikie mwanangu Uweis. Maalim Yasin, shika ufunguo. Muwe mashahidi."

"Tumeshuhudia," walisema wanaume barazani.

Lubna aliliweka birika chini.

Maalim aliupokea ufunguo, lakini alikuwa mtu wa sharia, mwenye kupenda jambo lifungwe pande zote. Akageuka. "Mahdi, wewe ndiye mrithi uliyebaki. Si lazima, lakini yapendeza. Waridhia?"

Macho yote yakamjia. Mahdi alifungua mdomo. Neno lilikuwapo, maneno mawili yale yale: yu hai. Yangeuvunja ule wakfu papo hapo, kwani hakuna wakfu kwa thawabu za maiti asiyekufa. Lakini pilau ilikuwa bado kwenye kucha zake. Mbele yake zilikuwa juzuu thelathini alizozikusanya kwa mikono yake mwenyewe, na wazee waliompa pole, na mama aliyemwuliza uso kwa uso. Na hata wangemsamehe wote, chumba kingerudi kwa mwenyewe, na mwenyewe yuko mwendo wa saa mbili tu. Aliipima hali kama apimavyo nondo. Mara hii hapakuwa na upande wenye nafuu.

"Naridhia," alisema.

"Mungu akuzidishie," alisema mamake, asimtazame.

Chuo kilifunguliwa kabla ya mwezi kwisha. Ubao wa mlangoni, Wakfu wa Marehemu Uweis, aliutoa Mahdi dukani kwake, na rangi, kwa kuwa mtaa mzima ulichukulia kwamba ni yeye atakayeutoa. Kitanda kilitolewa, mikeka ikatandikwa. Kila Alasiri watoto wanapanda ngazi kwa vishindo, na chokaa ya dari inawadondokea wa chini. Lubna alijifungua masika, katika kile chumba cha kuta za chumvi, na mtoto alianza kukohoa kabla ya arubaini.

Bi Ummulkheir hakuwasha televisheni tena. Hukaa ukumbini, chini ya chuo, akasikiliza sauti za juu, akatabasamu. Wanawake wamerudi mkekani. Goti la yule bibi, wanasema, limepoa.

Siku moja, saa ile ya watoto kusoma, simu ya Mahdi ililia, nambari asiyoijua. Alitoka uani.

"Dereva mmoja niliyemuoshea gari yuwatoka Malindi," ilisema sauti. "Anipa habari za mji. Aniambia pamesomwa hitma ya Uweis wa Bi Ummulkheir. Anisifia pilau. Mahdi, ni kweli mama amenilia?"

"Ni kweli."

"Basi naja nyumbani. Nimechoka, ndugu yangu. Nije nimwambie mwenyewe, hata akinitia kofi."

"Uje ulale wapi? Chumba chako kina watoto wa watu."

"N'talala barazani."

"Ukija, utamwambia mama ulikuwa wapi, na mie n'tamwambia nilijua tangu lini. Na hivi sasa ana moyo wa kustahimili maiti, hana wa kustahimili sisi wawili." Mahdi aliisikia sauti yake mwenyewe, imetulia, imenyooka. "Umeshasomewa, Uweis. Kaa ulivyosomewa."

Alikata, akaizuia ile nambari isipige tena. Alipogeuka, Lubna alikuwa mlangoni, mtoto begani.

"Nani huyo?"

"Mtu amekosea nambari."

Juu, maalim aligonga fimbo sakafuni, na watoto wakaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti moja, wakimtumia thawabu muosha magari wa Mtwapa. Ukumbini Bi Ummulkheir aliwainulia kidole wanawake ili wanyamaze.

"Sikizeni," alisema. "Zamfikia."